Kodi Yako, Nenosiri Lako: Mwongozo Kamili wa Mifumo ya Kodi kwa Mfanyabiashara Mdogo wa Mwanza

Duka langu la nyavu na kamba liko Kirumba, karibu na barabara inayoteremka soko la samaki la Mwaloni. Nilipolifungua sikujua lolote kuhusu tovuti za kodi, nikaenda kwenye steshenari moja mjini. Kijana niliyemkuta alikuwa mwepesi wa vidole. Dakika ishirini tu akawa amejaza kila kitu, akanichapia cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi, nikamlipa na kumshukuru. Penye namba ya simu aliandika yake. Penye baruapepe aliandika yake. Nenosiri alilitunga mwenyewe. Mwaka uliofuata, nikiwa nahangaikia kuhuisha leseni ya biashara, nikaambiwa nina deni la awamu tatu za kodi, na riba juu yake. Meseji zote za kunikumbusha zilikuwa zimeingia kwenye simu ya kijana ambaye alishahama mji, na namba yake haipatikani tena.

Deni nililipa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na uwezo wa kulilipa kwa wakati, ila sikuwa na habari. Tangu siku ile nimekaa na majirani wengi, mama lishe, mafundi simu, wauza dagaa wa rejareja, tukafungua simu zao na kufanya kila hatua kwa mikono yao wenyewe. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayowaambia tukiwa tumekaa kwenye benchi dukani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua tovuti

Cha kwanza ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na kadi yenyewe si lazima uwe nayo mkononi, namba inatosha. Kama umejiandikisha na namba huijui, piga *152*00#, menyu ya huduma za serikali, fuata maelekezo mpaka sehemu ya NIDA.

Cha pili ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Hapa ndipo watu wengi wanapoanzia matatizo bila kujua. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba unayotumia kila siku ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume, cha kaka au cha rafiki aliyekuwa na NIDA mapema, nenda ukasajili yako sasa. Mfumo wa kodi utakuwa unatuma namba za uhakiki kwenye laini hiyo miaka yote ya biashara yako. Laini ikifungwa au mwenye jina akiitaka, umefungiwa nje ya akaunti.

Cha tatu ni baruapepe yako mwenyewe. Kama huna, fungua leo, uandike nenosiri lake kwenye daftari linalokaa nyumbani, siyo dukani.

Cha nne ni karatasi za mahali unapofanyia biashara: mkataba wa pango, na utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako. Mtaa na kata uviandike sawasawa. Mtu wa Igoma akiandikwa Igogo, au wa Nyakato upande wa Ilemela akaandikwa Nyamagana, ataulizwa maswali kwenye leseni baadaye, kwa sababu Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ni halmashauri mbili tofauti.

Cha tano ni hesabu ya mauzo yako, nitakayoieleza kwa kirefu mbele.

TIN: huenda tayari unayo

TIN ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, ina tarakimu 9, hutolewa bure. Kila mtu ana moja tu maisha yake yote. Swali ninalomuuliza kila anayekuja: umewahi kuwa na leseni ya udereva, au kusajili pikipiki au gari kwa jina lako? Kama ndiyo, basi una TIN, hata kama hukumbuki. Usiombe nyingine. Hiyo uliyonayo ni TIN isiyo ya biashara, na unachohitaji ni kuibadilisha iwe ya biashara. Waendesha bodaboda wengi wanaofungua duka wanakwama hapa: wanajaza maombi mapya, mfumo unakataa kwa sababu namba yao ya NIDA tayari imefungwa kwenye TIN ya zamani, nao wanadhani mtandao ni mbovu.

Kama huna kabisa, fungua kivinjari kwenye simu na uandike mwenyewe anwani tra.go.tz, ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, wala usichukue kilichojitokeza kwanza kwenye utafutaji. Tovuti halisi za serikali yetu huishia na .go.tz. Ukishaingia, tafuta huduma za mtandaoni, kisha usajili wa TIN kwa mtu binafsi. Majina ya vitufe hubadilika mifumo inapoboreshwa, kwa hiyo shika jambo unalolitafuta, usikariri kitufe.

Mfumo utataka namba ya NIDA na kukuhakiki. Majina na tarehe ya kuzaliwa vitatoka NIDA moja kwa moja, na kama vina makosa, makosa hayo yanarekebishwa NIDA kwanza. Kisha utajaza mahali ulipo, aina ya biashara, simu na baruapepe. Andika aina ya biashara unayoifanya kweli. Mtu anayeuza vocha, soda na sabuni aandike duka la rejareja, asiandike "biashara ya jumla" kwa kuwa inasikika vizuri, maana neno hilo ndilo litakaloongoza makadirio yake, yaani kiasi cha kodi atakachopangiwa.

Kwa TIN ya biashara jiandae pia kufika ofisi ya TRA inayohudumia eneo lako kwa mahojiano mafupi ya makadirio. Nenda na mkataba wa pango na hesabu zako. Salimia, kaa, eleza biashara yako kama ilivyo. Nimewaona watu wazima wanatetemeka kwenye kiti kile kama wako mahakamani, wanakubali tarakimu yoyote ili watoke. Una haki ya kueleza, na afisa anahitaji maelezo yako ili akadirie sawasawa.

Kufungua akaunti ya mlipakodi

TIN peke yake ni namba tu. Akaunti kwenye mfumo wa mlipakodi ndiyo inayokuonyesha madeni, ritani (fomu za taarifa za kodi unazowasilisha), malipo na barua ulizoandikiwa. Kwenye tovuti ileile ya TRA tafuta sehemu ya kuingia kwa walipakodi, chagua kujisajili, weka TIN, na thibitisha kwa namba itakayotumwa kwa meseji. Tunga nenosiri ambalo si mwaka wako wa kuzaliwa wala jina la duka.

Ukishaingia mara ya kwanza, kabla ya lolote, fungua sehemu ya taarifa zako na usome simu na baruapepe zilizoandikwa. Kama kuna tarakimu usiyoitambua, ni kama ile ya kwangu. Ombi la kubadilisha linafanyika, na mara nyingi utatakiwa kufika ofisini na kitambulisho. Mimi ilinichukua siku nne za kwenda na kurudi, nikifunga duka asubuhi. Siku hizo nne zingekuwa dakika moja kama ningekaa mbele ya ile kompyuta mwenyewe.

Hakuna ubaya kutumia steshenari kama huna simu janja au skrini yako imepasuka. Lakini kaa kwenye kiti, andika nenosiri wewe, namba ya uhakiki iingie kwenye simu yako, na ukimaliza utoke kwenye akaunti huku ukiangalia. Kijana akisema "niachie tu mama, nitakumalizia jioni," mwambie utarudi jioni.

Makadirio: mahali pa kukaa na kalamu

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo ghafi, yaani fedha zote ulizouza, siyo faida. Ukinunua kamba kwa 8,000 ukaiuza 10,000, kinachohesabiwa ni 10,000. Utaratibu huu hauwahusu wenye kampuni, wala wanaotoa huduma za kitaalamu kama ushauri, uhandisi au mafunzo.

Viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022 ni hivi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Zaidi ya milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Mwenye kumbukumbu ni 90,000 kujumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Zaidi ya milioni 11 hadi 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko huanza 1 Julai, kwa hiyo kila Julai ingia tra.go.tz usome jedwali la mwaka huo kabla ya kupiga hesabu.

Sasa tazama daftari linavyookoa fedha. Mama lishe wa Buzuruga anayeuza 20,000 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ana mauzo ya milioni 6 kwa mwaka. Bila daftari ni 100,000. Akiwa na daftari ni asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Fundi cherehani mwenye mauzo ya milioni 9 bila kumbukumbu ni 250,000, na akiwa nazo ni 150,000. Laki moja nzima kwa sababu ya daftari la buku mbili.

Kwa sisi wa ukanda wa ziwa kuna jambo jingine ambalo wenzetu wasio na ziwa hawalijui. Biashara yetu inafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Giza likiingia, mitumbwi inatoka, fedha inazunguka Mwaloni kote, kuanzia kwa mchuuzi wa dagaa hadi muuza chai. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wanavuta mitumbwi ufukweni na kushona nyavu, na mimi napata wateja wa uzi na sindano tu. Afisa akija dukani kwako siku za giza akakuta foleni, atapata picha ya siku zile. Tuseme siku ya giza unauza 120,000 na siku ya mbalamwezi 30,000. Ukikadiriwa kwa 120,000 kwa siku 26 za kila mwezi, mwaka mzima ni 37,440,000, na asilimia 3.5 yake ni 1,310,400. Lakini kama ukweli ni siku 16 nzuri na 10 mbaya, mwezi ni 2,220,000, mwaka ni 26,640,000, na kodi ni 932,400. Tofauti ni 378,000, na huwezi kuieleza kwa mdomo ukaaminiwa. Inaelezwa na kumbukumbu za kila siku zenye tarehe, ambazo mtu yeyote akiziweka kando ya kalenda ya mwezi ataona mawimbi yenyewe.

Ninavyoandika mimi: mstari mmoja kila jioni, tarehe, jumla ya mauzo, jumla ya manunuzi, na herufi G (giza) au M (mbalamwezi) pembeni. Siku niliyofunga naandika "nimefunga" na sababu, msiba, homa, mvua. Jumamosi najumlisha wiki. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka isiyopungua mitano, kwa hiyo nazipiga picha kurasa kila mwisho wa mwezi na kuzituma kwenye baruapepe yangu. Daftari la dukani linaweza kunyeshewa na kulowa.

Kulipa

Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: kufikia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ile kodi ya 932,400 inakuwa 233,100 kila awamu. Mimi naitenga siku za giza, kidogo kila jioni, kwenye laini tofauti ya simu, kwa sababu tarehe ya mwisho ikiangukia mbalamwezi duka halina kitu.

Ingia kwenye akaunti, fungua sehemu ya makadirio au madeni, chagua awamu unayolipa, kisha omba kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Hii huwa na tarakimu 12. Inakuja pamoja na jina lako, kiasi na tarehe ya kuisha muda. Soma vyote vitatu. Kama kiasi si kile unachokijua, usilipe kwanza, uliza.

Kulipa unaweza kwa benki, kwa wakala wa benki, au kwa simu. Kwa M-Pesa unapiga *150*00#, unaingia sehemu ya kulipa, kisha malipo ya serikali, unaweka kumbukumbu namba. Mitandao mingine nayo ina menyu ya malipo ya serikali. Kabla ya kuweka namba ya siri, angalia jina la taasisi linalotokea. Kwa wenzetu wa Nansio na Ukara hii ni nafuu kubwa: awamu inalipwa ukiwa umekaa kisiwani, bila nauli ya meli wala kulala mjini.

Baada ya kulipa, rudi kwenye akaunti baadaye uhakikishe deni limeshuka. Piga picha ya skrini, na meseji ya malipo usiifute. Fedha ikitoka na deni likabaki, hizo mbili ndizo utakazoonyesha.

Na hili nalisema kwa nguvu zote: kodi hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Akikupigia anayejiita afisa, akakutajia hata jina la duka lako na deni lako, akataka utume "nusu tu tumalize," kata simu. Ingia kwenye akaunti yako uone kama deni lipo. Nenosiri na namba ya uhakiki usimpe yeyote, hata awe na sare. TRA wana namba za kupiga bure, 0800 780 078 na 0800 750 075. Piga huko uulize.

Risiti na mashine

Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka unatakiwa kutumia EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, au ile ya kimtandao inayofanya kazi kwenye simu. Nunua kwa wakala aliyeidhinishwa, orodha yao iko kwenye tovuti ya TRA. Mashine inasajiliwa kwa TIN yako, na kila risiti inaingia kwenye kumbukumbu za TRA.

Watu wanaiogopa mashine hii. Mimi naiona kama daftari lisilobishaniwa. Ripoti ya Z, ile karatasi ya jumla ya mauzo ya kila siku, inaonyesha G na M zangu bila mimi kusema neno. Itoe kila jioni, hata siku uliyouza uzi wa 500 tu. Karatasi zake hufifia kwenye joto letu, kwa hiyo zipige picha. Betri ichajiwe usiku, umeme unapokatika mchana uendelee kutoa risiti. Mashine ikiharibika mjulishe wakala na TRA siku hiyohiyo kwa maandishi, andika risiti za mkono, na mashine ikirudi uyaingize mauzo hayo.

Ukienda kununua mzigo, dai risiti nawe. Iandikwe kiasi kilekile ulicholipa, siyo pungufu. Unaweza kuihakiki kwa kupiga picha ile alama ya mraba iliyochapwa chini yake, au kwenye verify.tra.go.tz. Asiyetoa risiti ana adhabu, na asiyedai naye ana adhabu.

Kodi ya zuio kwenye pango

Hapa ndipo wengi wa Kirumba, Pasiansi na Mlango Mmoja wanaposhikwa bila kujua. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba, ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliolipa kuisha. Fremu ya 200,000 kwa mwezi, ukilipa miezi sita ni 1,200,000: 120,000 inakwenda TRA na 1,080,000 kwa mwenye nyumba. Usipokata, TRA wanakudai wewe.

Wenye nyumba wengi hawalipendi. Mzee wa fremu yangu alikasirika mwanzoni. Nikamwendea nyumbani jioni, nikamsalimia, nikamwambia: "Mzee wangu, hii laki na ishirini sili mimi. Inaingia TRA kwa TIN yako, na cheti chake nakuletea." Akauliza, "Na nisipotaka?" Nikamjibu, "Basi watanidai mimi, na nikifunga duka fremu inabaki tupu." Tulikubaliana. Ushauri wangu ni kuliongea jambo hili kabla ya kusaini mkataba, mkaliandika humo wazi. Wapo wanaokubaliana bei ya fremu wakidhani zuio halipo, na mpangaji anaishia kulilipa kutoka mfukoni mwake kila mwaka.

Kwenye akaunti yako tafuta ritani ya kodi ya zuio, jaza TIN ya mwenye nyumba, kiasi cha pango na kiasi ulichokata, omba kumbukumbu namba, lipa, kisha mpelekee cheti. Mkataba wenyewe nao una ushuru wa stempu. Ulipe mapema ukiwa bado mpya.

Mengine kwa ufupi

Mfanyakazi anayelipwa zaidi ya 270,000 kwa mwezi anakatwa kodi ya mshahara, nayo hupelekwa ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakuhusu mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Julai 2023. Ritani yake ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Leseni ya biashara ya kawaida inaombwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, ambao nao una akaunti yake na nenosiri lake, na utadaiwa uthibitisho kwamba kodi yako iko sawa. Uthibitisho huo unauombea kwenye akaunti ya TRA. Uombe wiki mbili au tatu kabla leseni haijaisha, ili kama kuna deni lililojificha upate muda.

Ukiona makadirio si sawa

Una siku 30 tangu ulipopokea hati ya makadirio kuweka pingamizi. Zihesabu kwenye kalenda ya ukutani, maana zikipita mlango unakuwa mgumu sana. Kabla ya pingamizi rasmi, nenda ukazungumze na afisa ukiwa na daftari. Mengi yanamalizikia hapo. Isipowezekana, pingamizi liandikwe, likieleza kiasi unachokikubali, unachokikataa na sababu, na viambatanishwe vielelezo. Sheria inataka ulipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishania, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kama huna uwezo huo, unaweza kumwandikia Kamishna kumwomba akupunguzie au akuondolee sharti hilo, ukitoa sababu. Na kama deni unalikubali ila fedha haipo, omba kulipa kidogo kidogo kwa makubaliano ya maandishi. Kunyamaza kunaongeza riba kila mwezi.

Mfumo ukigoma, na siku ya kufunga

Siku za mwisho wa awamu mtandao huelemewa. Jaribu alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, au usiku baada ya saa nne. Ukishindwa kabisa, piga picha ya skrini inayoonyesha kosa pamoja na tarehe, kisha nenda ofisini au piga simu ya bure siku hiyohiyo. Kuomba kumbukumbu namba siku kumi kabla ni bora zaidi. Mimi naomba zangu tarehe 20.

Simu ikiibiwa, hatua ya kwanza ni kuifunga laini na kuirudisha kwa mtoa huduma wako, siku hiyohiyo. Laini ikirudi, badilisha nenosiri la akaunti ya kodi na la baruapepe.

Na biashara ikikufia, au ukihamia Sengerema, au ukaamua kurudi shambani Magu, usifunge mlango wa fremu ukaondoka. Mfumo haujui kama umefunga. Awamu zinaendelea kuandikwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Andika barua ya kusitisha biashara, iambatane na utambulisho wa serikali ya mtaa, iwasilishe TRA na pia halmashauri iliyokupa leseni. Kama ulikuwa na EFD, ulizia utaratibu wa kuifunga. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe inayosomeka, na baada ya wiki chache uingie tena kwenye akaunti uangalie kama awamu zinazofuata zimeondolewa. Zikiwa bado zipo, rudi na ile nakala yenye muhuri.